Kupiga Picha Baharini kwa Kamera Ndogo ya Kawaida

Kamera inaweza kufa baharini kwa sababu ya unywele mmoja. Kasha gumu la kuzamia, ambamo kamera hukaa, huzibwa na oringi, ule mpira mwembamba unaozunguka mlango wake. Unywele au punje ya mchanga ikilala hapo, mlango utaonekana umefungika vizuri, lakini maji yameshapata upenyo. Itoe oringi kwa kona ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu wala sindano, kisha ivute taratibu kati ya vidole viwili. Mchanga utausikia kwa vidole kabla ya kuuona. Futa na mfereji wake, halafu paka grisi iliyokuja na kasha hilo, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Ikizidi inakamata uchafu. Mafuta ya mgando usitumie, huharibu baadhi ya mipira.

Mara ya kwanza zama na kasha tupu lenye tishu kavu ndani. Tishu ikirudi kavu, ndipo uweke kamera. Vipovu vichache vinavyotoka kwenye vitufe na kukoma ni hewa iliyonaswa nje. Vikifuatana bila kukatika, kasha linavuja, toka majini. Ila mwenye mtungi wa hewa apande kwa mwendo wake wa kawaida, hata kama kamera inajaa maji.

Mfuko laini wa plastiki ni wa bei nafuu, lakini ni wa kuelea juujuu na miwani, mita moja au mbili. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, na hewa ya ndani husinyaa ikabaki nusu. Plastiki inabana vitufe, lenzi inashindwa kutoka, kamera inaandika hitilafu na kuzima.

Jambo linalowavunja moyo wengi ni rangi. Mtazame kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, mwenye nundu nyekundu, wa kwenye nyasi za bahari Unguja. Maji yakiwa ya magotini, nundu zinawaka. Mkute mita 5 chini, nundu zilezile ni kahawia, kwa kuwa maji hula wekundu kwanza. Kamera haina kosa. Tafuta kwenye menyu WB, yaani mpangilio wa kurekebisha weupe, chagua kipimo cha mkono, elekeza lenzi kwenye mchanga mweupe ukiwa kwenye kina kilekile, upime. Ukishuka mita 2 au 3 zaidi, pima upya. Kamera isiyo na kipimo hicho mara nyingi ina alama ya samaki, tumia hiyo.

Usivute picha kwa zumu. Sogea wewe, hadi ubaki chini ya mita moja, maana kila shubiri ya maji kati yako na samaki inaongeza ubuluu na kufifisha picha. Chini ya nusu mita weka alama ya ua, ile ya kupiga vitu vya karibu. Flashi izime: iko karibu mno na lenzi, hivyo inamulika kila chembe iliyo mbele na picha inajaa madoa meupe. Jua likae mgongoni, nawe shuka usawa wa samaki; ukimpiga kutoka juu, kitatange mzuri anageuka kivuli juu ya mwamba. Tulia, usipige mateke karibu na mchanga, wala usikanyage matumbawe, ni viumbe hai.

Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Wakati wa bamvua maji hukimbia na kutibua mchanga. Saa nne hadi saa nane mchana mwanga hushuka wima, na huo ndio muda wa kuutumia.

Kioo kikishika ukungu ndani, ulifunga kasha palipo na unyevu. Lifunge asubuhi chumbani, tia pakiti ya kukausha unyevu, usiliache juani kwenye mashua.

Ukitoka, loweka kasha likiwa limefungwa kwenye ndoo ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nusu saa, ukibonyeza kila kitufe. Chumvi ikikaukia humo, vitufe vinakwama. Maji yakiwa yameingia, usiiwashe kamera kuijaribu. Toa betri na kadi papo hapo. Kadi suuza kwa maji baridi, kausha, picha mara nyingi hupona. Kuizika kamera kwenye mchele hakuondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nyaya. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.