Chungu kimoja, damu mbili

Kwa mnaoanza kazi maabara mwaka huu, hasa mtakaopangiwa sampuli za CTC (kliniki ya watu wenye VVU), nina kisa kimoja.

Nilikuwa bado mgeni kama ninyi. Nilitoa mrija wa dada mmoja kwenye sentrifuji, seramu, yaani maji ya damu, ikawa nyeupe kwa mafuta kama tui la nazi. Alikuwa kwenye lopinavir na ritonavir, dawa za VVU. Badala ya kumpelekea daktari majibu nikanyamaza, nikaenda mwenyewe kumhubiria habari za chipsi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Kaka, mimi nakula ugali na mchicha. Nyama naiona sikukuu." Mumewe alikuwa amekaa pembeni. Wanakula chungu kimoja, wanameza dawa zile zile, na mrija wake ulikuwa safi kabisa.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kusoma. Ritonavir hulisukuma ini kumwaga trigliseridi, aina ya mafuta, kwa wingi kwenye damu. Kuna kimeng'enya, lipasi, kinachotakiwa kuzivunja. Protini inayotokana na jeni ya APOC3 hukishika breki, ya APOA5 hukiongezea kasi, na ya APOE ndiyo mshikio ambao ini hutumia kuyaokota mabaki. Mtu akirithi breki kali anaweza kuishi miaka bila kujijua, maana mzigo ni mdogo. Dawa inapouongeza, ndipo seramu inapogeuka tui. Watafiti wa Uswisi walilionyesha hilo mwaka 2005: kwa waliotumia ritonavir, aina fulani za APOE na APOC3 zilikwenda na trigliseridi za juu zaidi.

Kipimo cha jeni hatukuwa nacho, na ninyi huenda msikikute. Mnacho kinywa. Ulizeni kwanza kama mteja amefunga, kwa sababu chai ya maziwa ya asubuhi nayo hupandisha namba. Kisha ulizeni ukoo: nani alipata kiharusi kijana, nani alilazwa kwa kongosho. Yule dada, nilipomuuliza (kwa upole safari hii), alimtaja baba yake mdogo.

Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L, msikokotoe LDL (kolesteroli mbaya) kwa fomula ya Friedewald, inayoikadiria kwa kutumia trigliseridi hiyo hiyo. Itawapa namba ya uongo yenye sura nzuri. Ikipita 10, mpigieni daktari siku hiyo hiyo, kongosho liko hatarini.

Siku hizi wengi wako kwenye dolutegravir, dawa nyingine ya VVU ambayo haivurugi sana mafuta, kwa hiyo mirija ya namna hii ni michache. Lakini mkiona kwenye faili ritonavir na simvastatin (dawa ya kushusha kolesteroli) pamoja, msione haya kumwuliza aliyeandika. Ritonavir huzuia ini kuivunja simvastatin, ikijaa mwilini misuli huanza kumomonyoka na figo kuelemewa. Mimi nimeuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifokewa, ila dawa ilibadilishwa.