Barua niliyoificha chini ya mchele

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma kwenye mapumziko ya saa nane usiku, miguu juu ya boksi tupu. Umeniuliza hivi: dada yenu aliyeko Texas ameandikiwa kwamba ombi lake la makazi kupitia mumewe limekataliwa. Mama analia tangu Jumapili. Hapo nyumbani kila mtu kawa wakili. Mjomba anasema arudi. Shoga yake wa Houston anamshauri ahame jimbo, aachane na huyo mume, atafute mwingine aanze upya. Ukamalizia: "Dada, na wewe yalikukuta, tuambie ukweli."

Nitawaambia, ila kuna pahala hapatapendeza.

Barua zangu zilikuja mwezi wa kwanza, hapa Columbus, Ohio, theluji imepanda hadi kizingitini. Bahasha mbili, moja kwa jina la mume wangu, moja kwa jina langu. Nikafungua, nikaona neno la kukataliwa, sikuendelea. Nikazikunja nikazisukumiza chini ya mfuko wa mchele kwenye kabati la jikoni. Siku 11 nilikuwa nachota mchele juu ya barua zile, na simu za nyumbani nazijibu, "Inshallah, makaratasi yako njiani." Aliyezigundua ni mume wangu, Ijumaa, alipotaka kunisaidia kupika. Hakunigombeza. Aliketi sakafuni pale pale akazisoma zote hadi ukurasa wa mwisho, kisha akaniuliza, "Unajua kwamba zina siku zake?"

Sikujua. Siku zenyewe za kupinga ni 30, huongezwa 3 ikiwa barua imekuja kwa posta. Theluthi nzima nilikuwa nimeilaza chini ya mchele kwa aibu.

Kwa hiyo kabla ya "afanye nini", muulize kwanza ana barua gani mkononi. Kuna barua inayoomba ushahidi zaidi, kuna inayosema wanakusudia kukataa, na kuna ya kukataa kwenyewe. Zote tatu zinatisha ukizisoma huku mikono inatetemeka, na nimeona watu wakilia matanga kwa ile ya pili wakati kesi bado iko hai. Hiyo ya kukusudia kukataa inampa siku zile zile 30 na ushei za kujibu, na anatakiwa kujibu yote kwa mkupuo mmoja, si leo karatasi mbili, kesho picha nne.

Ikiwa ni ya kukataa kweli, basi huenda anazo mbili kama nilizokuwa nazo. Ombi la I-130 ni la mume: yeye ndiye anayesimama na kusema huyu ni mke wangu wa halali. I-485 ni la mke, anaomba abaki humu humu nchini kama mkazi. La mume likianguka, la mke halina pa kushika. Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Rufaa ya I-130 ni haki ya mume peke yake. Inakwenda Baraza la Rufaa za Uhamiaji, lile lililoko Falls Church, Virginia. Dada yenu hata akiweka mawakili kumi hawezi kuikata yeye. Na I-485 haina rufaa kabisa. Inachoruhusu ni kuomba faili lifunguliwe upya au lifikiriwe upya, kwa fomu I-290B, dola 800, na siku hazizidi zile zile. Basi kama mume amenuna, amekata tamaa, au amehamia kwa mama yake, hilo ndilo tatizo la kwanza, kabla ya serikali.

Na muulizeni jambo moja ambalo naona hamkuniambia: mume ni raia, au naye ana grinikadi tu, yaani kadi ya ukazi? Mke wa raia aliyeingia kwa viza na kupita kwa ofisa uwanja wa ndege, hata viza ikimwishia, sheria bado inamruhusu kuomba akiwa humu. Mke wa mwenye grinikadi hana upendeleo huo.

Sasa yangu yalikuwaje. Sababu ya kwanza iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa talaka. Unakumbuka niliolewa Muheza kabla sijaondoka. Yule bwana aliniacha kwa heshima, aliandika talaka kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakatia saini, mzee wa msikiti akasoma dua, nikakaa eda, nikamaliza. Kwa dini nilikuwa mwanamke huru, na nani hapo mtaani angesema vinginevyo? Kwenye fomu niliandika kwamba nimeachika na nikaambatanisha nakala ya karatasi ile pamoja na tafsiri yake.

Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ile ya Tanzania Bara, haiitambui talaka ya karatasi peke yake. Shauri linapita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, kwetu Waislamu ni BAKWATA, baraza likishindwa kupatanisha linatoa hati, na ni mahakama ndiyo inayovunja ndoa. Zanzibar ni habari nyingine, kule kuna Mahakama ya Kadhi. Lakini Muheza si Zanzibar. Kwa maana hiyo, siku niliyoolewa Ohio, kwenye vitabu vya serikali nilikuwa bado mke wa mtu. Ndoa yangu ya pili haikuwa ndoa. Mume wangu alipotafsiriwa hilo na wakili alicheka kwanza, kisha akatoka nje kuvuta hewa, na yeye havuti sigara.

Wakili, mwanamama mmoja mkali, alituambia tusikate rufaa juu ya jambo ambalo wao wako sahihi. Nilimchukia siku hiyo. Nilitaka kupigana, nilitaka mtu aandike kurasa kumi za kiingereza kigumu. Yeye akasema, rudini mkatengeneze palipovunjika. Basi kaka akaenda Muheza kumtafuta mtalaka wangu. Mungu ambariki yule bwana, alidai nauli tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua shauri Mahakama ya Mwanzo, baada ya baraza kutoa hati yake, na hukumu ilipotoka ikasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Miezi saba. Miezi hiyo sina kibali cha kazi, kwa sababu kibali kilikuwa kimening'inia kwenye I-485, nayo imekufa. Ndiyo miezi ile mliyosema nimebadilika, nimekuwa mchoyo, situmi hela. Sikuwa nazo. Tulikuwa tunakula kwa mshahara wa mtu mmoja na kumlipa wakili kwa mafungu.

Hukumu ilipofika tukaenda kuoana tena. Ohio leseni ya ndoa hutolewa na mahakama ile ile ya mirathi, sijui nani aliyeona mambo hayo mawili yanafanana. Nilivaa gauni nililolifulia dobi jana yake, mume kavaa koti la kazini. Nimeolewa na mwanamume mmoja mara mbili, na mara ya pili ndiyo inayohesabika.

Sababu ya pili kwenye barua ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya kijinga na ilikuwa kosa letu. Kwenye mahojiano walitutenganisha vyumba. Mume akaulizwa kama amewahi kuzungumza na baba yangu. Akajibu kwa furaha kabisa, ndiyo, mara mbili, Ramadhani hii. Kwenye fomu nimeandika baba ni marehemu. Akaulizwa ndugu zangu wako wangapi, akasema tisa. Mimi chumba changu nimesema wanne. Yule ofisa afikirie nini? Mume amezungumza na marehemu, na shemeji watano wametokea hewani.

Aliyezungumza naye ni baba mdogo. Na wale watano ni watoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa, ambao mimi maisha yangu yote nimewaita kaka na dada, wala sikuwahi kukaa chini kumweleza mume wangu kwamba kuna kaka wa fomu na kaka wa nyumbani. Mara ya pili tulipeleka kiapo cha baba mdogo chenye maelezo, vyeti vya kuzaliwa, na ukurasa mmoja wa wakili ukieleza jinsi Waswahili tunavyoitana. Yule ofisa wa mara ya pili aliusoma, akaniuliza, "Kwa hiyo mama mkubwa ni dada wa mama?" Nikamwambia ndiyo, na kwake hubishani. Akacheka.

Huyo shoga wa Houston sasa. Mwambie dada yenu amshukuru na asimsikilize. Kuhama bila kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10 ni kosa, na barua zitaendelea kwenda kwenye anwani ya zamani, siku zinahesabika yeye hajui. Na kutafuta mume mwingine upesi upesi, hebu mwulize kwanza kama mle kwenye barua kuna namba 204(c), kile kifungu cha ndoa za udanganyifu. Kusema "hamkutuonyesha ushahidi wa kutosha" ni jambo moja. Hilo unaweza kujaribu tena. Kusema "ndoa hii ilifungwa ili kukwepa sheria ya uhamiaji" ni jambo lingine kabisa. Hilo la pili likikaa kwenye faili, ombi la mume mwingine yeyote, hata awe wa kweli, hata wawe na watoto watatu, haliwezi kuidhinishwa. Hapo ndipo pa kupigana kwa rufaa hadi senti ya mwisho, maana ukinyamaza umekubali. Na kosa lenyewe la ndoa ya uongo adhabu yake ni hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000. Namjua mtu aliyelipa kuolewa. Leo ana mume wa kweli na hana pa kumpeleka.

Kama ndoa ya dada yenu ilikuwa ya makaratasi, mimi sitaki kuambiwa, na wewe usiniandikie. Amwambie wakili wake, peke yake, mlango umefungwa.

Na kama kilichovunja kesi ni kwamba mume anampiga, au anamtishia kwa hizo karatasi, kuna njia ya mke kuomba mwenyewe bila mume kutia saini popote. Watu wetu hawaijui, wanavumilia kofi kwa ajili ya grinikadi. Hilo amwulize wakili bila haya.

Mjomba anayesema arudi, mweleze hivi. Aliyekaa bila hadhi, yaani bila ruhusa halali ya kuwepo, zaidi ya siku 180 akitoka, mlango unafungwa miaka 3. Akipitisha mwaka, miaka 10. Kuna msamaha wa kuombwa, lakini si wa kuutegemea ukiwa tayari umeshashuka Dar. Mtu anaweza kuamua kurudi, na si aibu, nyumbani ni nyumbani. Ila aamue baada ya kuhesabu siku zake na mtu anayejua, asipande ndege kwa sababu mama analia.

Sitawaficha kwamba sasa hivi pamekuwa pabaya kuliko wakati wangu. Tangu Februari 2025 uhamiaji walipanua utaratibu wa kumpeleka mahakamani mtu ambaye ombi lake limekataliwa na hana hadhi nyingine. Akiletewa wito wa kwenda mbele ya jaji, asiutie chini ya mchele. Akikosa siku hiyo, hukumu ya kuondolewa inatolewa hayupo. Akienda, jaji naye ana uwezo wa kulisikiliza ombi la makazi upya, mradi ombi la mume lipite.

Wakili awe wakili. Hapa tunao wajuzi wa jumuiya, mtu mwenye printa na mdomo, anajaza fomu kwa dola 300. Zangu za mara ya kwanza alizijaza mmoja wao, na ndiye aliyeniambia talaka ya daftari inatosha. Wakili akiwa ghali, kuna mashirika yasiyo ya kibiashara yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, wanatoza kidogo. Maana kuanza upya si mchezo: tangu Aprili 2024 I-130 ni dola 675 kwa karatasi au 625 kwa mtandao, na I-485 ni dola 1,440, hapo hujampa wakili hata nauli.

Ninyi huko mna kazi yenu pia. Acheni kumwuliza kila siku imefikia wapi. Tafuteni cheti chake cha kuzaliwa, na kama aliwahi kuolewa, nendeni mahakamani mkaangalie kama kweli iliisha. Mkiandika viapo, andikeni mlichokiona tu. Msiseme mlikuwepo harusini kama mliiona kwenye simu.

Mimi kadi niliipata. Ya miaka miwili, yenye masharti, kwa kuwa walihesabu ndoa kuanzia siku tulipooana tena, nami nilikuwa nimeshamfulia yule mwanamume soksi miaka minne. Tukaomba tena kuondoa masharti, tukapigwa picha za vidole tena.

Mwambie dada yenu apige picha kurasa zote za barua na bahasha yenyewe, pale penye muhuri wa tarehe, amtumie wakili, si kundi la familia. Mimi Jumapili nipo nyumbani kuanzia saa nne asubuhi ya huku. Anipigie, na mumewe awe amekaa pembeni.