Dereva mkorofi namuwahi kabla hajaniwahi

Swali lenu la wiki hii mmeuliza: "Uko kwenye baiskeli mjini, dereva anakupigia honi, anakubana, anakutukana, unafanyaje?" Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi wanasema kaa pembeni kabisa muachie barabara yake ufike salama, na kuna mmoja kasema yeye anatembea na mnyororo wa chuma mkononi. Mi nimeshajaribu yote mawili, kujibana pembeni na kutaka kupigana, na yote mawili yaliniponza siku moja, tena ndani ya dakika tano.

Ilikuwa jioni natoka kazini, nimejibana ukingoni kabisa tairi linakaribia kukwaruza kingo, najiona mstaarabu. Nyuma yangu gari dogo, honi, tena ile ndefu ya mtu aliyeilalia. Mbele kukawa na mfuniko wa mtaro umekaa vibaya nikaukwepa, yaani nilitoka kama hatua moja tu kuja ndani, na yeye sekunde hiyohiyo ndo anapita. Kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko. Sikuanguka, ila hasira iliyonipanda hapo sijui ilitoka wapi, nikakanyaga pedali kama kichaa mpaka nikamkuta kwenye mataa, nikamgongea dirisha kwa ngumi. Akashuka. Jamaa ana mwili, na mimi nina baiskeli katikati ya miguu, kupigana siwezi, kukimbia siwezi, ndo nikagundua hapa nimejiweka pabaya kuliko hata kule nilikotoka. Akaniuliza, "Kwa nini umenichomekea makusudi?"

Makusudi! Kumbe yeye kule nyuma alichokiona ni mtu aliyempisha, kakaa pembeni, afu ghafla kamuingilia. Mfuniko hakuuona kabisa. Taa zikaruhusu, magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi wote wawili, akarudi ndani ya gari akaondoka.

Kiwiko kilivimba siku kadhaa na muda wote huo nilikuwa nalitafuna lile neno makusudi. Simtetei, mtu unayeendesha gari ukiona baiskeli mbele unatakiwa ujue kwamba inaweza kuyumba, ndo maana unaiachia nafasi. Ila nilielewa kitu: ugomvi mwingi na madereva unaanzia mahali ulipojiweka barabarani, kabla hata mtu hajagusa honi. Ukijibana ukingoni unamwambia dereva bila maneno kwamba nafasi ipo pita, hata kama haipo. Na huko ukingoni ndo kwenye mchanga, vipande vya chupa, mashimo na mifuniko, kwa hiyo lazima utayumba, na siku utakayoyumba ndo siku mtu anapita.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hilo, toka pembeni. Uingereza walipofanyia marekebisho kanuni zao za barabarani mwaka 2022 waliandika kabisa kwamba mwendesha baiskeli akae katikati ya leni pale barabara ni tulivu, magari yanapotembea taratibu, na anapokaribia makutano au sehemu inayobana, na kwingine aache angalau nusu mita kutoka ukingoni. Watu wakisikia katikati ya leni wanaona ni ujeuri, lakini fikiria sehemu nyembamba ambayo gari haliwezi kukupita bila kukugusa, ukikaa pembeni utapata watu kumi wanajaribu bahati zao, ukikaa katikati wanasubiri sekunde kadhaa mpaka barabara ipanuke. Watanuna ndiyo. Kununiwa hakuvunji mguu. Afu pakipanuka unarudi upande wako mapema na unainua mkono, huo mkono jamani msiudharau, mtu uliyemchelewesha ukimshukuru anapita na hasira nusu.

Siyo kila mahali hiyo inafaa, msinielewe vibaya. Barabara kubwa ambako magari yanakimbia sana sikai katikati hata unilipe, hiyo natafuta njia nyingine ya vichochoroni hata ikiongeza dakika kumi. Mwendo ndo unaua. Gari likiwa kwenye 50 kwa saa lina karibu mara tatu ya nguvu ya kugonga ukilinganisha na likiwa kwenye 30, kwa sababu nguvu hiyo inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mjini nachagua barabara kwa kuangalia mwendo wa magari kabla ya kuangalia umbali.

Kitu cha pili ni kugeuka nyuma. Ukitaka kuhama upande geuza kichwa umtazame dereva usoni, kabla hata ya kutoa mkono. Sijui ni nini kinatokea kwenye vichwa vya watu lakini ukimtazama anapunguza mwendo, anaona kumbe huyu ni mtu, maana kwa nyuma sisi ni begi na makalio tu. Hiyo peke yake imenipunguzia honi kuliko jaketi langu la kung'aa nililolinunua kwa mbwembwe.

Magari yaliyopaki hayo nayo yana ukorofi wa kimyakimya. Mtu anafungua mlango bila kuangalia, na wewe unakwenda zako. Naacha upana wa mlango mzima, kama mita moja, hata kama aliye nyuma yangu anapiga kelele kwamba nimemzibia. Yeye haoni ule mlango, mi nauona. Uholanzi kuna mazoea ya dereva kufungua mlango kwa mkono ule ulio mbali na mlango, kwa hiyo mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma. Hata Waingereza wameiweka kwenye hizo kanuni za 2022. Kitu cha bure kabisa, wewe msomaji mwenye gari anza leo.

Na malori sibishani nayo. Kuna sehemu kubwa ubavuni na mbele ya kichwa cha lori ambayo dereva hakuoni hata kama ni mtu mwema kuliko wote, na likikata kona magurudumu ya nyuma yanafupisha njia, yanakuja kwa ndani zaidi kuliko ya mbele. Likisimama kwenye mataa mi nabaki nyuma yake, sijipenyezi ubavuni hata nafasi ikiniita.

Sasa mkorofi wa kweli. Maana wapo, yule anayekusogelea makusudi akutishe, anayekupita afu anafunga breki mbele yako, anayekuwashia taa kali. Huyo nafasi yako barabarani haimtibu. Kwa huyo nafanya kitu ambacho kiliniuma sana kujifunza, namuacha ashinde. Napunguza, nasogea kando sehemu niliyoichagua mimi, naweka mguu chini, nakunywa maji. Yeye akishaenda mbele hawezi tena kunigonga. Sipigi gari kofi, simuoneshi kidole, simfuati kwenye mataa, maana yeye ana chuma cha zaidi ya tani moja na mi nina kofia ya plastiki. Namba ya gari naitamka kwa sauti hapohapo, mara mbili tatu, nina kamera ndogo kwenye usukani na hata picha ikitoka mbovu sauti inabaki, na kama huna kamera kuitamka kunakusaidia kutoisahau. Afu nikifika naandika saa, mahali na alichofanya, kwa maneno makavu bila matusi. Ripoti iliyojaa matusi yangu mwenyewe ilishawahi kukataliwa, na kwa kweli ningekuwa mimi ndo naipokea ningeikataa pia.

Kuna sehemu polisi wanalichukulia hili siriazi. Mwaka 2016 polisi wa West Midlands kule Uingereza walimpandisha askari baiskeli akiwa na nguo za kiraia, dereva akimpita karibu sana anasimamishwa mbele, anatandikiwa mkeka mkubwa chini wenye mchoro wa baiskeli na gari, anaoneshwa mita moja na nusu ni kiasi gani. Mi napenda sana hilo wazo la mkeka. Wengi hawajui mita moja na nusu inaonekanaje, wanadhani kama hawajakugusa basi wamekupita vizuri. Ujerumani na Hispania nao wameweka hiyohiyo mita moja na nusu kwenye sheria, Ufaransa ni mita moja mjini.

Na sisi pia tuseme, nilishavuka taa nyekundu mara nyingi tu nikiwa na haraka, na anayenipigia honi siku hiyo ana haki yake. Siku hizi nasimama, zaidi kwa sababu nimechoka kusikia "nyie wa baiskeli".

Dada yangu nimemweleza haya yote, nafasi, kugeuka, mlango, mkorofi muache aende, akanisikiliza vizuri afu akasema hapandi baiskeli barabarani mpaka wajenge njia ya baiskeli yenye ukingo. Sikuwa na la kumjibu, ana haki, hizi mbinu zangu zote ni za mtu aliyekosa ukingo.

Jana asubuhi kanipita mmoja kaniachia leni nzima, alihamia kabisa upande wa pili. Nikainua mkono kumshukuru. Akanijibu kwa honi, fupi, ya kistaarabu, na mi nikashtuka nusu niingie mtaroni.