Kwa mdogo wangu aliyeuliza uongozi mtu anajifunzia wapi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umeeleza kwamba mtaani kwenu mtaro umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi vyumbani, mzoa taka anakusanya hela na gari halionekani, na kila mtu anamtupia lawama mwenyekiti. Kisha umeuliza kama uende semina ya uongozi, ugombee, au uachane nayo, maana huna cheo na si mwongeaji. Wengi wamekujibu ugombee. Mimi nina jibu jingine, kwa sababu mambo hayo nimeyaishi hapa Dar es Salaam, kwenye mtaa wa bondeni ambao maji yake yanateremkia mto Msimbazi.

Semina nimehudhuria na zilinisaidia, hasa kuandaa hoja na kusimama mbele za watu. Lakini uswahilini mtu hapimwi kwa cheti. Anapimwa kwa alichokabidhiwa na namna alivyokirudisha. Mimi niliingizwa kwenye uongozi na daftari la msiba, na hadi leo sijaona darasa linalolizidi.

Unajua inavyokuwa. Turubai limefungwa, kina mama wako nyuma na masufuria, na pembeni kuna meza yenye daftari na kalamu. Mzee mmoja aliniita akasema, "Mwanangu, mwandiko wako unasomeka, kaa hapa." Unaandika jina, kiasi, kama ni taslimu au ahadi. Upande wa pili unaandika kinachotoka: sanda, mchele, mafuta, mkaa, gari la kwenda makaburini. Jioni unasoma mbele ya wafiwa na wazee kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hapo kuna mambo ambayo hayaandikwi popote. Jina la aliyetoa elfu moja unalisoma kwa sauti ileile uliyomsomea aliyetoa laki. Kila hela inayotoka, mtu wa pili anaweka sahihi. Na ndugu akikusogelea umkopeshe kidogo kutoka humo, unamjibu kwa adabu: "Shangazi, hela hii si yangu, twende tumuulize mzee aliyenikabidhi." Kijana anayeweza kusema sentensi hiyo bila kumvunjia mtu heshima, tayari ni kiongozi, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti.

Kina mama wa vikoba wanalijua hili kuliko sisi. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Hakuna anayejisikia kutukanwa kwa sababu hawezi kulifungua peke yake, na ndiyo maana wanakopeshana mwaka mzima bila ugomvi. Kama mama yako au dada yako yumo kwenye kikoba, muombe ukakae kwenye kikao chao uangalie namna wanavyohesabu. Usiongee, angalia tu.

Na hili si jambo la leo. Bibi Titi Mohamed alipoingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, miaka ya 1950, hakuwa na ofisi wala elimu kubwa ya darasani. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapahapa Dar es Salaam. Kazi ya kuwaingiza wanawake kwenye chama aliianzia kwa viongozi wenzake wa vikundi vya ngoma, watu waliokuwa wanamjua na waliozoea kuitana, kuchangishana na kusaidiana kwenye shida. Wale viongozi nao wakawaita watu wao. Imani ilikuwepo kabla ya kadi ya chama. Nikimfikiria yeye sioni mantiki ya kijana kusubiri cheo ndipo aanze.

Sasa nije kwenye mtaro, maana hapo ndipo ulipo.

Kwanza jua nani ni nani. Mwenyekiti wa mtaa ni wa kuchaguliwa. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, na barua yako inapita kwake, anaigonga muhuri na kuipeleka mbele. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama cha siasa, CCM, lakini mara nyingi yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi imehamwa. Nimeona vijana wengi wakimgombeza mwenyekiti kwa jambo ambalo liko mezani kwa mtendaji, au liko kwenye bajeti ya halmashauri. Nguvu inaishia kwenye kelele.

Pili, utembee mtaro wote, usiishie mbele ya kwenu. Sisi tulitembea na bibi mmoja aliyekuwa pale tangu kabla nyumba hazijabanana. Akatuonyesha kwamba maji hayakwamii kwetu kabisa. Yalikuwa yanakwama chini zaidi, kwenye kalavati la mtaa wa jirani, ambako godoro lilikuwa limejikunja mdomoni na viroba vya taka vimejazana nyuma yake. Tungezibua kwetu hadi sikukuu, mvua ya kwanza ingetucheka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa kwenda kuzungumza na watu wa mtaa mwingine, ambao nao walikuwa wanaamini tatizo ni sisi tunaotupa taka huku juu. Na kwa kiasi walikuwa na haki. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza hapa jijini, wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakazi kuingiza mitaro na njia za maji kwenye ramani, na msingi wake ulikuwa huohuo: mwenyeji anajua maji yanapita wapi, kinachokosekana ni kuyaandika. Wewe unaweza kuanza kwa karatasi na picha za simu.

Tatu, fikiria tope. Hapa ndipo kazi nyingi za kujitolea zinapofia. Watu wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na makoleo na majembe, wanazibua kwa moyo wote, wanarundika tope ukingoni, wanapiga picha na kuondoka. Mvua inakuja na kulirudisha lote mtaroni. Sisi tulikataa kushika koleo mpaka tuwe na jibu la gari. Barua ikaenda kwa mtendaji, ikapanda kata, ikakaa. Tukaifuata. Ikakaa tena, tukaifuata tena kwa upole, tukiwa na nakala yenye muhuri mkononi. Mwisho gari lilipatikana. Watu wanaona siku ya makoleo wanadhani huo ndio uongozi. Mimi naamini uongozi ulikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi, tukisubiri kujibiwa bila kutukana mtu.

Kulikuwa pia na jirani aliyejenga kibaraza juu ya mtaro. Vijana walitaka kukivunja siku hiyohiyo, na hasira yao ilikuwa na sababu, maana watoto walilala juu ya meza kila masika. Lakini ukivunja kibaraza cha mtu umepata adui wa kudumu, na nyumba yake bado iko palepale mtaro unapopita. Tuliwatuma wazee wawili anaowaheshimu wakaongee naye jioni, faragha, bila vijana kujipanga nje. Akakubali kuvunja mwenyewe na kuweka mifuniko ya zege inayonyanyuka. Yeye sasa ndiye anayeita watu mtaro ukianza kujaa.

Kuhusu mzoa taka, usiende kwenye mkutano mkuu wa mtaa na maneno makali. Nenda na stakabadhi. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukaorodhesha nani amelipa, lini, na gari limepita siku zipi. Kikaratasi hicho kiliposomwa mkutanoni hakuna aliyeweza kukibishia, na mkutano wenyewe ukataka mzabuni aitwe. Alikuja, akaeleza kwamba gari haliingii vichochoroni, ikakubalika maguta, yale ya magurudumu matatu, yapite ndani na kuleta taka barabarani. Haijawa kamili. Viko vichochoro ambavyo hadi leo vinachelewa kufikiwa, na wenyeji wake wana haki ya kulalamika. Lakini wanajua walalamike wapi na kwa ushahidi gani.

Ulitaja pia kwamba vijana wenzako hawana kazi. Hili usiliache pembeni, kwa sababu mtu mwenye njaa huwezi kumwita kujitolea kila Jumamosi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa 2024. Kundi lililozibua mtaro pamoja linaweza kuwa kikundi kilichosajiliwa cha kuzoa taka au kufyatua mifuniko ya zege. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atataka katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki, na hapo utaona vikundi vingi vikikwama kwa sababu hakuna aliyekuwa anaandika. Daftari tena. Na likishaanza kwenda vizuri, likabidhi kwa mwingine mapema, ukiwa bado upo wa kumwelekeza. Mtaa unaotegemea mwandiko wa mtu mmoja hauna kiongozi, una mtumwa wake.

Kugombea ni jambo zuri, sikukatazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulifanyika 27 Novemba 2024, na kila baada ya miaka mitano unarudi, kwa hiyo muda unao. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na madaraka hayo unaweza kuyatumia hata ukiwa mkazi wa kawaida tu mwenye miaka 18 anayehudhuria mkutano. Kama kuna anayesoma hapa akiwa kijijini, Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Kama kwenu haujaitishwa muda mrefu, kuuliza kwa maandishi ni haki yako, na ni mwanzo mzuri kuliko hotuba yoyote.

Wewe wiki hii fanya mawili. Tafuta mkongwe wa mtaa wako utembee naye mtaro mpaka unapoishia, hata kama ni mtaa wa watu wengine. Kisha nenda kwa mtendaji umuulize mkutano ujao ni lini na barua ya kuomba gari la tope inaandikwaje kwao, maana kila ofisi ina utaratibu wake. Ukishaandika rasimu iweke hapahapa, nitaipitia, na naamini wakuu wengine waliopitia haya wataongezea.