Kugawa oda ya madawati ili kukwepa zabuni
Mwalimu, umeuliza kama mnaweza kuigawa oda ya madawati 80 mara mbili ili kila nusu ibaki chini ya kiwango cha fedha kinacholazimu kutangaza zabuni, yaani kuwaalika wauzaji washindane. Hapana, msithubutu. Mkaguzi haangalii vocha (hati za malipo) moja moja; anaziweka zote mbili mezani, anaona muuzaji yuleyule, bidhaa ileile, tarehe zimepishana wiki moja, basi. Kanuni za manunuzi ya umma kwa kawaida zinakataza jambo hilo waziwazi.

Jumlisheni kwanza mahitaji ya mwaka mzima, na jumla hiyo ndiyo iwaambie kama ni nukuu tatu za bei (bei zilizoandikwa na wauzaji) au zabuni ya wazi. Na nukuu hizo ziwe za wauzaji watatu kweli! Nimewahi kushika nukuu tatu zenye kosa lilelile la tahajia. Kama mnalipa kwa ruzuku, masharti yake yasomeni kabla ya kuagiza, maana ruzuku nyingine haziruhusu kununua samani. Mjumbe wa kamati mwenye ndugu fundi seremala aseme mapema, atoke kikaoni. Bei ya chini nayo ichunguzeni: mbao gani, dhamana miezi mingapi, usafiri analipa nani.