Hatukuandikishiana: je, mkataba upo?

Swali: Habari, wakili. Mimi ni seremala, niko Morogoro. Mteja alinitumia picha ya kabati kwa WhatsApp, tukapatana kwa simu shilingi 1,800,000, mbao za mninga. Akanirushia 600,000 kwa M-Pesa nianze kazi. Kabati limekamilika, sasa anasema halitaki tena na nimrudishie hela yake yote, eti hatukuandikishiana kwa hiyo hakuna mkataba. Je, ana haki?

Jibu: Hapana, fundi. Mkataba mnao, na inaniuma kuona mafundi wengi wakirudisha hela kwa kutishwa na neno hilo.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatambua makubaliano kuwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye sifa, yaani wenye akili timamu na waliotimiza miaka 18, kila upande ukitoa kitu cha thamani, kwa lengo halali. Karatasi haimo, isipokuwa pale sheria nyingine inapoidai. Ardhi ni mfano: mapatano ya kuuziana kiwanja kwa mdomo hayatekelezeki mahakamani.

Kwa bidhaa ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kifungu cha 6 kinataka maandishi kwa mauzo ya kuanzia shilingi 200, kiwango cha zamani mno ambacho leo kinagusa karibu kila kitu, hata kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Lakini kifungu hichohicho kinasema mnunuzi akishalipa sehemu ya bei, mkataba unatekelezeka bila maandishi. Zile 600,000 ndizo zilizomfunga mteja wako.

Kwa hiyo mkifika mbele ya hakimu, nadhani hoja ya kuandikishiana haitachukua muda. Ugomvi utahamia kwingine: mlikubaliana nini hasa? Sheria inataka nyote wawili muwe mmekubali jambo lilelile kwa maana ileile. Fungua simu yako usome mazungumzo yenu tangu mwanzo. Kama uliandika, "Mninga, milango mitatu, milioni moja na laki nane," naye akajibu, "Sawa fundi, anza," hapo pendekezo limekubaliwa. Kama alijibu, "Nitakujulisha," hajakubali bado, ila kukutumia hela ya kuanzia kunaonyesha kwamba baadaye alikubali. Angalia pia kama mlipanga tarehe. Kama alikwambia kabati ni la harusi ya siku fulani nawe ukachelewa, ana haki ya kulikataa, na hesabu yote inageuka dhidi yako. Vivyo hivyo kama ulichanganya mninga na mbao nyingine bila kumwambia.

Usifute ujumbe hata mmoja, wa WhatsApp wala wa M-Pesa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauruhusu kuwa ushahidi. Piga picha za skrini, na simu yenyewe itunze, kwa sababu anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Sasa fedha. Usidhani advansi yote ni yako kwa kuwa yeye ndiye aliyevunja mkataba. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara uliyoipata, basi. Mwandikie kwanza, ukimpa siku za kutosha alipie na kulichukua kabati, na umweleze kwamba muda huo ukipita utaliuza. Tuseme unaliuza kwa mtu mwingine kwa 1,400,000: hasara yako ni 400,000, utoe pia gharama halisi za kuliuza upya, na kinachobaki katika zile 600,000 umrudishie. Ukipata 1,100,000 tu, hasara ni 700,000, na yeye ndiye anayedaiwa 100,000 zaidi. Kama mlipatana tangu mwanzo kwamba akighairi advansi hairudi, nitumie maneno yenyewe mliyotumia, maana hapo jibu linaweza kubadilika.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, kwa hiyo muda unao. Ila barua hiyo iandike wiki hii, na nakala yake ubaki nayo.