Dozi kwanza, koleo baadaye

Ahirisha hilo jino. Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo unanienda mbio: una upungufu wa fakta 13, ile protini ya kuimarisha donge la damu, gego la mwisho linang'olewa Alhamisi, dozi yako ya fakta ya kila mwezi ni Jumatatu inayofuata, na daktari wa meno amesema hakuna haja ya kumsumbua daktari wa damu kwa kuwa vipimo vya kuganda damu vimetoka sawa. Mdogo wangu, hayo ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na nusura yanizike.

Vipimo vyangu vilikuwa sawa kweli. Na vyako vitatoka sawa kila mara, maana vile viwili vya kawaida vinaishia pale damu inapoanza kuganda. Kazi ya fakta 13 inaanzia hapo: kuzishona nyuzi za donge zishikamane. Bila hiyo, donge linajiunda vizuri mbele ya macho ya daktari, kisha linafumuka taratibu kama ukili uliosukwa ukaachwa bila kushonwa. Ndiyo sababu wengi wetu tulivuja kitovuni tukiwa wachanga, na ndiyo sababu kwenye kiti cha daktari tunaonekana wazima. Tunavuja nyumbani, kesho yake au kesho kutwa.

Nilikuwa na miaka 26, siku ya 25 tangu dozi, akiba mwilini imeshuka. Jino likatoka, nikauma shashi nusu saa, damu ikakata. Daktari akanishikia kioo: "Unaona? Walikutisha bure." Nilifurahi, siwezi kuficha. Tangu utotoni nilikuwa mtoto wa kuchungwa, na siku hiyo kuna mtu mwenye koti jeupe aliniambia mimi ni kama wengine. Nilitaka sana kumwamini.

Usiku wa pili niliamka mdomo umejaa. Nikaingiza kidole, nikatoa pande la damu jeusi, laini, linateleza kama ini, na chini yake damu mbichi inachuruzika. Hapo nikafanya kosa lililonigharimu kuliko jino lenyewe: nilisubiri. Nikajiambia inachuruzika tu, haibubujiki. Nikauma shashi nyingine, nikatema, nikameza, nikabadilisha foronya. Juu ya hayo nikameza tena ibuprofeni aliyoniandikia daktari wa meno, dawa inayozizuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zisishikane vizuri. Nilikaa hivyo saa 14. Kufika mchana, damu ilikuwa imevilia chini ya ulimi, ulimi umesukumwa juu, mate hayamezeki. Nilipofikishwa hospitali sikuweza kutaja jina langu, na walipokuwa wananichoma fakta, pembeni walishaandaa mpira wa kupitishia hewa kooni. Niliongezewa damu chupa 3. Nililazwa siku 9, kwa jino moja.

Nina hasira na yule daktari mpaka leo, na si kwa kutoujua ugonjwa. Unampata mtu mmoja katika watu milioni mbili hivi, simdai mtu aujue. Lakini nilimpa kadi yenye namba ya daktari wangu wa damu. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akanirudishia. Simu ya dakika tano!

Kwa hiyo dozi kwanza, koleo baadaye. Hata sindano ya ganzi isitangulie dozi, kwa sababu ile ya taya la chini huingia ndani sana, na damu ikivilia huko inaweza kubana koo. Daktari wako wa damu ndiye wa kuamua, ila kwangu siku hizi hali ni hii: dozi inawahishwa iangukie siku ya jino, traneksamiki, dawa ya kuzuia donge lisiyeyuke, inaanza kabla na kuendelea karibu wiki nzima hata kama damu imekata, kidonda kinashonwa, na maumivu ni parasetamoli tu, kamwe si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Na usikubali Alhamisi. Usiku wako wa pili utakuwa Ijumaa, ukihitaji msaada unakuta wikendi na watu wa zamu wasiokujua. Chukua Jumatatu. Nimeshang'oa mengine mawili kwa utaratibu huo, na usiku wa pili nililala.

Uliuliza pia kuhusu kuogelea, safari ndefu za ndege na kupata watoto. Naogelea mara tatu kwa wiki, nasafiri na dozi yangu pamoja na barua ya daktari kwenye begi la mkononi, na nina binti wa miaka 6. Yana maelezo yake na nitakuandikia yote, lakini si leo. Kwanza mpigie daktari wa damu, umtajie tarehe ya jino na tarehe ya dozi ya mwisho, kisha uniambie amesemaje.